UZI: Adui ndo anambeba staringi. GLOW, mieleka ya wanawake na kwanini muvi nyingi za masuperhiro zinapita tu

Wakuu habari zenu.

Juzi usiku nimemaliza kuangalia GLOW kwa mara ya tatu, sizoni zote, na nimelala na jambo kifuani ambalo lazima nilitoe hapa maana hapa ndo kuna watu wanaopenda hivi vitu kama mimi. Uzi ni mrefu. Na nitasema yanayotokea mpaka mwisho, kwahiyo kama hujaangalia na unataka ujionee mwenyewe, weka alama urudi baadae, ni episodi 30 tu, kumi kumi kila sizoni, nyingi ni nusu saa na ushee.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Hii tamthilia ya wanawake wanaopigana mieleka imeelewa habari za masuperhiro kuliko muvi nyingi za masuperhiro zenyewe, zile za mamilioni ya dola na picha za kompyuta. Na kilichofanya ielewe ni kitu ambacho sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunakijua toka utotoni: pale kuna staringi na kuna adui, na muvi inakuwa tamu kwa ajili ya adui.

Mimi ni mtoto wa Tanga, tulikuwa tunaangalia mikanda ya mieleka kwa jirani kaka zangu wakiwa mbele kabisa na sisi wasichana mlangoni, alafu tukirudi nyumbani godoro linatolewa uani tunaanza wenyewe. Mimi nilikuwa na mwili mkubwa kuliko wenzangu wote kwahiyo hakuna siku niliyoulizwa, adui ni mimi. Sikuwahi kuwa staringi hata siku moja. Lakini nilichokigundua nikiwa na miaka tisa au kumi hivi ni kwamba bila mimi kuanguka vizuri hakuna mchezo. Nikigoma kuanguka, yule mwembamba aliyejiita Shawn Michaels anabaki amesimama tu kama mlingoti. Nikianguka kwa mbwembwe, mtaa mzima unapiga kelele kwa ajili yake. Kelele zile nilikuwa nazitengeneza mimi.

Sasa GLOW ndo hiyo hiyo, miaka mingi baadae, mtu kaandika.

*

Kwa wasioijua, kidogo tu. GLOW ni kifupi cha Gorgeous Ladies of Wrestling, na kilikuwepo kipindi cha kweli cha runinga Marekani kwa jina hilo, kilianza 1986, mwanzilishi David McLane, mwongozaji Matt Cimber, kikirekodiwa Las Vegas kwenye hoteli ya Riviera. Wanawake waliochukuliwa wengi walikuwa waigizaji, wacheza dansi na watu wa stanti, siyo wana mieleka, wakafundishwa kuanguka ndani ya wiki chache. Netflix wakatoa tamthilia Juni 2017, waandishi Liz Flahive na Carly Mensch, wakachukua wazo la kile kipindi ila wahusika wakawatunga wao. Tunaanzia Los Angeles 1985.

Sini ya kwanza kabisa sitaisahau. Ruth (Alison Brie) yuko kwenye usaili wa kuigiza, anasoma mistari mizito, mtu mwenye mamlaka anayetetea jina lake, anasoma mpaka unasisimka, alafu anaambiwa amesoma sehemu ya mwanaume. Sehemu yake yeye ni ya sekretari anayekuja kumwambia bosi kwamba mkewe yuko kwenye simu. Basi. Hapo hapo nikajua hawa waandishi hawajaja kucheza.

Alafu kuna Debbie (Betty Gilpin), rafiki yake, alikuwa nyota wa tamthilia za mchana akaacha kazi baada ya kupata mtoto. Na Ruth amelala na mume wa Debbie. Siyo adui wa kuvaa kofia nyeusi, ni rafiki yako wa karibu kabisa kakufanyia hivyo. Debbie anakuja mpaka ukumbini wanakofanyia mazoezi kumvamia Ruth ulingoni, wanachapana kweli kweli, na yule mwongozaji Sam Sylvia (Marc Maron) amesimama pembeni anaangalia, na kichwani mwake tayari anaona taa, mavazi na watazamaji wanaoshangilia. Ugomvi wa kweli unageuka kuwa kazi. Debbie anakuwa Liberty Belle, binti wa Marekani, nywele za dhahabu na rangi za bendera. Ruth anakuwa Zoya the Destroya, Mrusi. Vita Baridi bado ipo, kwahiyo hata mtoto mdogo anajua wa kuzomewa ni nani.

(Na ukitaka kujua hawa ni ndugu na masuperhiro, jina Liberty Belle lilishawahi kutumiwa na DC, wale wachapishaji wa katuni za Superman, kwa shujaa wao wa kike miaka ya 1940.)

*

Hapa ndo penyewe sasa, naomba mnisikilize.

Watu wanasema mieleka ni uongo. Sawa, mshindi anajulikana kabla. Lakini sakafu ya ulingo ni mbao juu ya vyuma, juu yake godoro jembamba na turubai, siyo kitanda. Ukianguka unatakiwa ukunje kidevu kifuani kichwa kisigonge, utue na mgongo wa juu wote kwa pamoja, utoe pumzi, upige mikono chini nguvu isambae. Ukikosea hata kimoja shingo inaumia. Na ukimnyanyua mwenzako juu kumbwaga, anayefanya kazi kubwa ni yule anayenyanyuliwa: yeye ndo anaruka, yeye ndo anajishikilia kwenye mwili wako, na wewe kazi yako ni kumshusha salama mbele ya watu wanaoamini unamuua. Yani pale juu unamkabidhi uti wa mgongo wako mtu anayejifanya kukuchukia.

Fikiria unamkabidhi mtu aliyelala na mume wako.

GLOW nzima imesimama hapo. Debbie hawezi kumsamehe Ruth, hataki hata kukaa naye meza moja, lakini kila jioni lazima amwachie mwili wake. Na Ruth ndo anasoma, anajifunza lafudhi ya Kirusi kwa mwenye moteli, anapanga mechi, anaomba kuzomewa, ili Debbie ang'ae. Hakuna mtu anamshukuru. Adui hashukuriwi.

Na ndo maana sizoni ya pili pale Debbie anapopanda ulingoni akiwa na hasira na akiwa ametumia madawa, akamkaba Ruth mguu na kuuvunja, mimi nilisimamisha nikatoka nje kupunga upepo. Hakuna damu, hakuna mlipuko, ni mguu mmoja tu. Lakini uaminifu ule uliokuwa unashikilia kila kitu ndo umevunjika mbele ya watazamaji na wao wanashangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Episodi inayofuata wako hospitali, wanatoleana yote waliyoyameza toka sizoni ya kwanza, wanapiga kelele mpaka unahisi unachungulia usichotakiwa kuona. Betty Gilpin alitajwa kuwania tuzo ya Emmy kwa huyu Debbie miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, hakupewa hata moja na mpaka leo naona alidhulumiwa.

Walau waratibu wa stanti walionekana. Shauna Duggins alichukua Emmy ya 2018 kwa kazi ya GLOW, mwanamke wa kwanza kushinda kipengele hicho. Wale waigizaji walifundishwa na Chavo Guerrero Jr., na mjomba wake, Mando Guerrero, ndiye aliyewafundisha wale wanawake wa kwanza wa miaka ya 80. Familia moja, vizazi viwili, kipindi cha kweli na tamthilia yake. Mieleka wanayopiga mle karibu yote ni miili yao wenyewe na inaonekana, unaona mtu anaogopa kabla ya kuruka kamba.

*

Sasa masuperhiro.

Kwanza tukumbushane, haya mambo ni ya ukoo mmoja. Ile nguo ya kubana na chupi juu yake ambayo Superman alitoka nayo 1938 watu wanaicheka, lakini ilitoka kwa wababe wa sarakasi na wapigana mieleka wa zama zile, ndivyo mtu mwenye nguvu alivyokuwa anavaa. Na Spider-Man je? Kwenye katuni yake ya kwanza kabisa, 1962, Peter Parker akishapata nguvu kitu cha kwanza anachofanya siyo kuokoa mtu, anaenda ulingoni kupigana na mbabe anaitwa Crusher Hogan kwa ajili ya dola mia. Vazi lile lilianza kama vazi la maonyesho. Muvi ya 2002 wakaiheshimu hiyo, wakamleta mwana mieleka Randy Savage mwenyewe, Macho Man, kuwa Bonesaw McGraw ndani ya kizimba cha chuma, na mpaka leo ile sini ya dakika chache naipenda kuliko vita vya angani vya muvi nyingi zilizofuata. Kwasababu Savage anajua kuuza, yani kuonesha kipigo kimemuingia. Anajua kumfanya yule kijana mwembamba aonekane.

Alafu angalia kalenda. Wonder Woman ya Patty Jenkins imetoka mwanzoni mwa Juni 2017, GLOW imetoka Juni 23 mwaka huo huo. Mwezi mmoja! Mimi nilitoka kwenye moja nikaingia kwenye nyingine. Na nawaambia ukweli ile sini Diana, ndo Wonder Woman mwenyewe, anapanda ngazi kutoka kwenye handaki na kutembea kuelekea bunduki, nililia. Unajua kwanini inafanya kazi? Kwasababu anapigwa. Risasi zinamwelemea, anapiga goti nyuma ya ngao, uzito unaonekana kwenye miguu yake. Lakini mwishoni wakampeleka kwenye uwanja wa ndege usiku apambane na Ares, umeme, vyuma vinaruka, na pale mwili ukapotea. Hakuna anayemshika mwenzake. Watu wawili wanarushiana taa.

Wonder Woman 1984 ndo iliniuma zaidi. Wako miaka ile ile ya GLOW, mabega mapana, nguo za kung'aa, yote. Na wana hadithi ile ile mkononi! Diana na Barbara, wanawake wawili wanaoanza urafiki, mmoja anamwonea mwenzake wivu mpaka anageuka adui. Hiyo ni Debbie na Ruth kabisa. Kristen Wiig mwanzoni anaigiza vizuri sana yule mwanamke ambaye hakuna mtu anayemkumbuka jina. Alafu wanamgeuza duma wa kompyuta, gizani, wanapigana dakika chache, basi kaisha. Walipata adui mwenye sababu ya kuchukia na ya kupenda kwa wakati mmoja, wakashindwa kumpa nafasi ya kumbeba staringi. GLOW kwa vyumba viwili vya moteli na ulingo mmoja wamekaa na uhusiano huo sizoni tatu na haujaisha.

*

NYONGEZA: naona wadau mmeshaanza kuja, nashukuru. Mmoja kasema nawaonea masuperhiro, kwamba siwezi kulinganisha tamthilia ya mazungumzo na muvi ya vita. Ndugu yangu, siwaonei, zipo nilizozipenda na nitazitaja.

Jessica Jones, sizoni ya kwanza, Netflix, Novemba 2015. Mwanamke mwenye nguvu za ajabu anavaa jinzi na jaketi la ngozi basi, na adui wake Kilgrave hana misuli yoyote, ana sauti tu, akikwambia fanya unafanya. Kwenye katuni ni mtu wa rangi ya zambarau, kwenye tamthilia wakaiacha rangi wakabaki na suti na uso wa David Tennant, na wakawa wamepatia, kwasababu kinachotisha ni mwanaume anayeamini kabisa kwamba alikuwa anampenda. Jessica amefafanuliwa na huyo adui. Kila kinachoonekana kwake, pombe, usiku asiolala, kukimbia watu, ni alama ya vidole vya Kilgrave. Sizoni zilizofuata hazikuwa mbaya lakini shimo aliloliacha halikuzibika.

Black Panther, 2018. Hii sisi wa huku tuna yetu nayo, Lupita mtoto wa Kisumu na muvi ilioneshwa Kisumu siku chache kabla ya kuenea duniani, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala ni Ayo, mavazi ya Ruth E. Carter yaliyochota kwa Wamaasai na Waturkana na wengine wengi yakampa Oscar. Lakini kwa uzi huu nataka muangalie kitu kimoja tu, ile sini ya maporomoko. T'Challa, ndo Black Panther mwenyewe, amenyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu, anasimama majini na mpinzani wake M'Baku, watu wamewazunguka kwa makabila wakiimba, hakuna silaha ya ajabu, na mechi inaisha kwa mmoja kumkaba mwenzake na kumsihi akubali. Hiyo ni mieleka wakuu! Ulingo upo, mashabiki wapo, na M'Baku kwa kukubali kushindwa ndo kamfanya T'Challa kuwa mfalme, na baadae ndo huyo huyo anamwokoa. Alafu Killmonger anakuja anarudia sini ile ile na anamtupa chini, na hujui umshangilie nani maana hoja yake ina ukweli ndani. Adui bora wa Marvel kwangu mimi. Na bado mwisho wakawapeleka chini ya mgodi kwenye reli kupigana kama wanasesere wawili wa kompyuta, wakati walishatuonesha majini kwamba hawahitaji hayo.

Na kwa wanaopenda kuunganisha nyuzi, kwenye Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme kwenye Black Panther, yumo Sydelle Noel, ambaye kwenye GLOW ni Cherry, yule mwalimu wa mazoezi wa wenzake. Muvi ilitoka Februari, sizoni ya pili ya GLOW ikaja Juni, mwanamke yule yule.

Watchmen ya HBO ya 2019, ya Regina King, nayo ni kazi kubwa, episodi tisa, inaanza na mauaji ya Tulsa ya 1921 na inakupa sababu ya mtu kuvaa kinyago ambayo hutaisahau. Ile inataka uzi wake, siichanganyi hapa.

*

Mdau mwingine kauliza mbona wana mieleka wengi wameingia kwenye hizi muvi na hazijawa GLOW. Swali zuri sana, nimelifikiria mchana kutwa.

Dave Bautista kama Drax, John Cena kama Peacemaker, hawa wawili wamefanikiwa na siri yao ni moja, wote wanakubali kuanguka. Cena miaka yote ulingoni alikuwa staringi wa watoto, kwenye Peacemaker akakubali kuwa mtu mjinga mwenye baba katili, anadhalilishwa, analia peke yake chumbani, na nikaona kumbe jamaa ni mwigizaji. Bautista naye anaruhusu wenzake wamcheke ili sini iende. Black Adam ya 2022, mimi maoni yangu, Dwayne Johnson alisimama tu. Hapigwi akaumia, hakuna mtu pale ndani anayeweza kumwinamisha kichwa, sasa mimi mtazamaji nimuogopee nini? Na huyu ndo mtu ambaye ulingoni alikuwa hodari wa kuuza kipigo, akipigwa anaruka kama samaki! Alikuwa anajua. Inaniuma kwa sababu alikuwa anajua.

Na yule aliyeandika "mieleka ni maigizo tu dada", mimi nakuheshimu ila naomba ukumbuke Owen Hart. Mei 1999, Kansas City, alikuwa anashushwa kwa kamba kutoka darini akiwa amevaa kama Blue Blazer, mhusika wa kuigiza superhiro, kofia na joho, na kamba ikafunguka akaanguka ulingoni akafa. Alikuwa na miaka 34. Mtu amekufa ndani ya vazi la superhiro mbele ya watu waliolipa kiingilio. Tusiite tu maigizo.

*

Narudi GLOW, maana kuna mtu sijamtaja na moyo wangu uko kwake kuliko wote.

Tammé. Anaigizwa na Kia Stevens, na kwenye kundi lile lote la waigizaji wakuu yeye ndo mpigana mieleka wa kweli, wengine wakimjua kama Awesome Kong. Amepigana Japani, alikuwa tishio pale TNA, kampuni ya mieleka ya Marekani, mechi zake na Gail Kim, na Januari 2012 aliingia Royal Rumble ya wanaume, ile mechi ya watu wengi ulingoni, kwa jina la Kharma, mwanamke wa tatu tu kufanya hivyo. Alafu kwenye tamthilia anaigiza mtu anayejifunza kuanguka kwa mara ya kwanza. Fikiria ugumu huo, mwili unajua kila kitu na inabidi uusahaulishe.

Mhusika anayepewa Tammé ulingoni anaitwa Welfare Queen, malkia wa misaada ya serikali. Kwa wasiojua, hilo ni neno lililovumishwa na Reagan kwenye kampeni zake toka 1976, picha ya mwanamke anayekula kodi za watu bila kufanya kazi, na kila Mmarekani akilisikia anamuona mwanamke mweusi. Tammé anajua linamtukana. Anauliza. Anaambiwa tunawakejeli wanaofikiri hivyo. Anakubali maana ni kazi. Alafu sizoni ya pili, episodi ya nne, mwanae anayesoma Stanford, chuo kikubwa kabisa, anasikia mama yupo kwenye runinga na anataka kuja kumuona. Na siku hiyo ndo siku ya kupokonywa taji na Liberty Belle, na ukumbi mzima wa watu wengi weupe unamwimbia akatafute kazi. Akatafute kazi. Mama aliyefanya kazi maisha yake yote mpaka mtoto akafika Stanford. Kamera inakwenda kwa yule kijana usoni. Sina maneno.

Na yeye anamaliza mechi. Anaanguka vizuri. Debbie mwenyewe ndo anagundua usiku ule amebebwa na nani.

Mimi niliyekuwa adui wa godoroni kwa sababu ya ukubwa wa mwili, ile episodi nimeiangalia peke yangu kila mara, sitaki mtu pembeni. Na Carmen vile vile, Britney Young, binti wa familia ya mieleka ambaye baba amewafungulia ulingo wanae wa kiume akamfungia yeye. Wasichana wenye miili mikubwa tuliona kitu mle.

Nisijifanye tamthilia haina kosa. Sizoni ya tatu wanahamia Las Vegas, onyesho lile lile kila usiku, na hadithi za hawa wanawake weusi na Waasia zikawa zinaanza zikiachwa njiani, Tammé mgongo unamsumbua na tunapewa vipande tu. Siyo mimi peke yangu niliyeliona. Mwaka 2020 Kia Stevens, Sydelle Noel, Sunita Mani, Ellen Wong, Britney Young na Shakira Barrera walitoa hadharani barua waliyokuwa wamewaandikia watengenezaji wakisema wahusika wao wamebaki pembeni na wanataka sizoni ya mwisho irekebishe. Kwahiyo nikisifia nasifia nikijua hilo.

Ila sizoni hiyo hiyo ya tatu ndo yenye ule mwanzo, Januari 1986, Liberty Belle na Zoya wako laivu kwenye runinga wamevaa mavazi yao kutangaza onyesho huku chombo cha anga cha Challenger kinarushwa, na Zoya kwa kazi yake ya uadui anakikejeli kile chombo cha Wamarekani, na sekunde chache baadae kinalipuka na watu saba ndani. Ruth amekaa pale na vazi la adui mwilini na hana pa kulivulia. Niambieni muvi gani ya superhiro imewahi kuuliza swali hilo, kwamba vazi likikukuta siku mbaya unafanyaje.

*

Mwisho kabisa, kuhusu sizoni ya nne, maana naona mnauliza itatoka lini. Haitatoka wakuu. Netflix walitangaza Septemba 2019 kwamba ya nne inakuja na itakuwa ya mwisho, wakaanza kurekodi mwanzoni mwa 2020, korona ikaja Machi kazi ikasimama, na Oktoba wakaifuta kabisa. Mieleka haina namna ya kuifanya kwa kukaa mbali mbali, hilo naelewa. Lakini walikuwa wameshaanza, na miaka miwili ingepita wangerudi tu, nani angekasirika kusubiri? Jessica Jones na wenzake wa Marvel nao waliondolewa hapo hapo Netflix mwaka mmoja au miwili nyuma, na Jessica walau alipewa sizoni yake ya mwisho ikaonekana.

Kwahiyo kilichobaki ni uwanja wa ndege. Krismasi, Ruth anaondoka, Debbie anamkimbilia na habari kwamba wamepata kituo chao wenyewe cha runinga, wanawake wataendesha, na anamtaka Ruth awe mwongozaji. Anamtolea picha nzima ya maisha yao wote wawili kwa macho yanayong'aa. Na Ruth anakataa. Anataka kuigiza. Hiyo ndoto ni ya Debbie. Sizoni tatu amembeba huyu mwanamke mgongoni, ameanguka kila alipotakiwa kuanguka, na hapa amesimama anamwambia hapana, anageuka kwenda kwenye ndege yake, Debbie anabaki pale na mikono mitupu.

Mimi nilikuwa nataka kuona mechi yao inayofuata baada ya hapo. Hiyo tu. Taa zinawaka, wanaangaliana, na Debbie lazima amnyanyue.

Aliyeangalia aje tuongee, hasa kama kuna mtu anaikumbuka episodi ya "The Good Twin" ile waliyoitoa kama kipindi chenyewe mwanzo mwisho na yule mbuzi, nataka kusikia mmeionaje.